Kompyuta inapojifunza mazoea yako, na mkono wako unapokosea

Mwezi uliopita, saa saba na dakika kumi mchana, muda wa matangazo ya vifo, nilibonyeza mstari wa tatu kwenye orodha ya nyimbo kama ninavyofanya siku zote. Mstari wa tatu ndiko unakokaa muziki wa taratibu tunaoutanguliza kabla ya kusoma majina ya marehemu. Safari hii ukatoka wimbo wa harusi. Ulicheza sekunde nne, labda tano, kabla sijaukata. Kwa mtu aliye shambani sekunde tano si kitu. Kwa watu walioketi kwenye mkeka wa msiba, redio imewekwa katikati ili wasikie jina la mzee wao na saa ya mazishi, sekunde tano ni nyingi.

Ndugu mmoja wa marehemu alipiga simu. Hakufoka. Aliuliza tu kama tulikuwa tunawacheka. Nikaomba radhi kwake, nikaomba radhi hewani, na jioni nikakaa mbele ya ile kompyuta kutafuta kilichotokea.

Kilichotokea ni kwamba usiku uliotangulia mwenzangu wa kipindi cha salamu alitumia kompyuta ileile. Programu ya kuchezea nyimbo ina orodha ya vilivyochezwa karibuni, na kila kinachochezwa hupanda juu. Nyimbo zake za harusi zilipanda, muziki wangu wa msiba ukashuka hadi mstari wa saba. Kompyuta haikuharibika. Ilikuwa inafanya kazi iliyotengenezwa kuifanya: kutazama mazoea ya mtumiaji na kuyafuata.

Nilipolieleza jambo hili hewani, ujumbe mwingi uliingia. Mmoja ulitoka kwa dada anayefanya kazi kwenye steshenari, akasema kompyuta yake inampa faili za wateja kwa mpangilio tofauti kila asubuhi na anapoteza muda kutafuta. Mwingine akauliza: kama kompyuta inajifunza tabia zangu, kwa nini inanichelewesha badala ya kunisaidia? Hilo ndilo swali la leo. Limewasumbua mafundi wa kompyuta kwa miaka zaidi ya thelathini, na majibu waliyopata yanafaa pia kwa simu uliyoshika sasa hivi.

Daftari la tiki

Kwanza tuondoe fumbo. Tukisema kompyuta "inajifunza", mara nyingi maana yake ni kwamba inaweka daftari. Kila unapofungua programu, faili au amri fulani, inapiga tiki na kuandika saa. Baadaye inalisoma daftari hilo ili iamue nini kikae karibu na nini kiende mbali.

Kusoma daftari kuna njia kuu mbili. Moja ni kuuliza: kipi kilitumika mwisho? Hiyo ndiyo iliyoninasa mimi. Orodha ya namna hii hubadilika kila dakika, kwa sababu kila unachogusa kinaruka juu na kusukuma vingine vyote chini. Nyingine ni kuuliza: kipi kimetumika mara nyingi zaidi? Hii hutulia kidogo, lakini ina ugonjwa wake. Mfikirie karani wa chama cha msingi cha ushirika, AMCOS. Miezi mitatu ya msimu anaandika stakabadhi za wakulima tangu asubuhi hadi jioni. Msimu ukiisha, anaandika barua na mihtasari ya vikao. Kompyuta inayohesabu tiki tu itaendelea kumwekea stakabadhi mbele miezi na miezi baada ya ghala kufungwa. Ili kuepuka hilo, watengenezaji huchanganya njia zote mbili, yaani tiki za zamani hupunguzwa uzito kadiri siku zinavyopita. Sasa inakuja shida ya upande wa pili: msimu mpya ukifunguliwa, daftari limekwisha kusahau stakabadhi, na karani anaanza kuzitafuta upya siku ileile ambayo foleni ya wakulima imefika barabarani.

Kosa hapa si la hesabu. Hesabu ni sahihi. Kompyuta inajua ulichofanya jana, haijui leo umekuja kufanya nini.

Menyu zilizojificha

Jaribio kubwa kuliko yote ya kuifanya kompyuta ya mezani ifuate mazoea ya mtu lilifanywa na kampuni ya Microsoft ya Marekani. Mwaka 1999 ilitoa Office 2000, kile kifurushi chenye Word ya kuandikia na Excel ya mahesabu. Kufikia wakati huo programu hizo zilikuwa zimejaa. Kila toleo jipya liliongeza amri mpya, na amri zilikaa kwenye menyu zinazoshuka kutoka juu ya skrini. Menyu zilikuwa ndefu, na watumiaji walilalamika kwamba vitu ni vingi mno.

Dawa waliyobuni ilikuwa hii: menyu ikifunguka ionyeshe amri chache tu, zile za msingi pamoja na zile unazozitumia wewe. Nyingine zote zifichwe. Chini ya menyu kulikuwa na mishale miwili midogo inayotazama chini. Ukiibonyeza, au ukingoja kidogo, menyu nzima ilijifungua. Ukichagua amri iliyokuwa imefichwa, kompyuta iliiingiza kwenye ile menyu fupi kuanzia siku hiyo. Usipoigusa kwa muda mrefu, ilirudi mafichoni. Hukuombwa ruhusa, mtambo ulikuja hivyo kutoka kiwandani.

Mliojifunza kompyuta miaka ya 2000 mtaikumbuka ile mishale. Kwenye karatasi wazo lilikuwa zuri. Kwenye meza lilileta taabu. Mtu anatafuta amri aliyoiona wiki iliyopita, haipo. Anafungua menyu nyingine, haipo. Anafungua ya tatu, anarudi ya kwanza, anangoja, menyu inajitanua mbele ya macho yake, na amri iliyokuwa ya tatu sasa ni ya sita kwa sababu zile zilizofichwa zimejipenyeza katikati. Mtu asiyeijua mishale alifikiri kitu kimefutika. Mtu anayefundishwa kwa simu na mwenzake, "bonyeza ya nne kutoka juu", alikuta ya nne yake si ya nne ya mwenzake. Menyu fupi haikupunguza mambo ya kukumbuka, iliyaongeza: sasa ulitakiwa kuijua amri, na pia kujua kama leo imejificha au ipo.

Microsoft wenyewe walikuja kuliona. Jensen Harris, mmoja wa viongozi wa kundi lililobuni sura mpya ya Office 2007, alieleza hadharani kwamba zile menyu hazikufanikiwa, na kwamba kompyuta ikijipangia yenyewe kwa kukisia, isipokisia kwa usahihi kamili ni afadhali isijipangie kabisa. Katika Office 2007 wakaziondoa menyu hizo kwenye programu kama Word na Excel, wakaweka utepe mpana wa vitufe juu ya skrini. Utepe huo nao ulilalamikiwa sana ulipotoka, maana watu walilazimika kujifunza upya. Lakini ukishajifunza, kitufe cha leo kinakaa palepale kesho.

Kiberiti gizani

Kwa nini kuhama kwa kitu kunatuumiza kiasi hiki, hata kinapohamia karibu zaidi?

Fikiria kiberiti cha nyumbani. Umeme ukikatika usiku, hukitafuti kwa macho. Mkono unakwenda wenyewe juu ya kabati, upande wa kushoto, nyuma ya kopo la chumvi. Siku mtu mwenye nia njema akikihamishia mezani, karibu zaidi na ulipoketi, utapapasa kabatini na kumwaga chumvi. Kiberiti kiko karibu, lakini wewe umechelewa. Umbali haukuwa shida yako hata kidogo.

Mkono hujifunza mahali. Mara ya kwanza unasoma kila neno kwenye menyu. Mara ya kumi unasoma herufi ya kwanza. Mara ya mia husomi kabisa, mkono unakwenda huku akili ikiwaza jambo jingine. Ndivyo dereva anavyobadilisha gia na fundi cherehani anavyokanyaga bila kutazama miguu. Kazi zote za haraka duniani zinategemea hali hiyo. Jef Raskin, mtu aliyeanzisha mradi wa kompyuta ya Macintosh pale Apple, aliandika kitabu mwaka 2000 akiipigania hoja hii: kwamba mtu hawezi kujenga mazoea juu ya mtambo unaobadilika chini ya mkono wake.

Tazama basi kichekesho kilichopo. Kompyuta inajifunza mazoea yako, na wakati huohuo wewe umekwisha kujifunza mazoea ya kompyuta. Kila mmoja anamsogelea mwenzake, mnapishana njiani.

Kwa wasomaji wazuri hasara ni sekunde chache na hasira kidogo. Kwa wengine hasara ni kubwa zaidi. Mama yangu mkubwa hasomi vizuri, lakini anatuma na kupokea pesa kwa simu yake ndogo ya vitufe bila kumwomba mjukuu. Anafanyaje? Anapiga ile namba ya nyota na reli, kisha anafuata mlolongo wa tarakimu alioushika kichwani kama unavyoshika mashairi. Hasomi menyu hata kidogo. Menyu ile inatulia, na kutulia kwake ndiko kunakompa uhuru wa kushika fedha zake mwenyewe. Siku ambayo menyu ingeanza kujipanga kwa kufuata "mazoea yake", yaani kutuma pesa kupande na kutoa kushuke, ingemrudisha kwa mjukuu, na namba ya siri ingeenda pamoja naye. Watu wanaosema mitambo inayojibadilisha ni rafiki wa asiyejua kompyuta wamuulize mama yangu mkubwa.

Wataalamu walipopima

Nisionekane ninatetea hasira zangu za ile siku ya harusi. Jambo hili limepimwa, na matokeo hayaegemei upande mmoja.

Mwaka 1985 watafiti Saul Greenberg na Ian Witten wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, walijaribu kitabu cha simu cha kwenye kompyuta kilichojipanga kwa kufuata majina ambayo mtumiaji aliyatafuta mara nyingi. Waliokitumia walipata majina haraka kuliko waliotumia kitabu kisichobadilika. Kwa hiyo kompyuta inayofuata mazoea inaweza kushinda. Miaka minne baadaye, Marekani, Jeffrey Mitchell na Ben Shneiderman walipima menyu za kawaida, na wao wakaona kinyume: menyu tulivu zilikuwa za haraka zaidi mwanzoni, na wengi wa waliojaribu walizipenda hizo.

Kwa nini tofauti? Nadhani jibu liko kwenye urefu wa orodha. Kitabu cha simu ni kirefu mno, hakuna mkono uliokikariri, kwa hiyo kukipanga upya hakuvunji kitu. Ulikuwa unatafuta tu, sasa unatafuta kidogo. Menyu ya amri kumi ni fupi, mkono umeshaikariri, kuihamisha ni kumhamishia mtu kiberiti.

Orodha ya simu zilizopigwa kwenye simu yako ni mfano mzuri. Ya mwisho iko juu, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kila mtu anajua imepangwa kwa saa na anaitazama kabla ya kubonyeza. Isipokuwa pale kidole kinapokuwa kinashuka kumpigia mkeo, simu nyingine inaingia sekunde hiyohiyo, orodha inasogea mstari mmoja, na wewe unampigia muuza mbolea unayedaiwa. Hata orodha nzuri ina siku yake.

Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mwaka 2004, la Leah Findlater na Joanna McGrenere wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Waliwapa watu menyu tatu. Ya kwanza haibadiliki. Ya pili inajibadilisha yenyewe kwa kufuata mazoea. Ya tatu haibadiliki mpaka mtumiaji mwenyewe aseme anataka nini kikae juu. Ile inayojibadilisha ilikuwa ya polepole kuliko ile tulivu. Na wengi walipoulizwa wanataka ipi, walichagua ile wanayoipanga kwa mkono wao.

Kusaidia bila kuhamisha

Hapo ndipo mafundi walipopata njia ya katikati. Mwaka 1994 Andrew Sears na Ben Shneiderman walikuwa wamekwisha kuonyesha menyu iliyogawanywa kwa mstari. Juu ya mstari wanakaa wachache wanaotumika sana, chini ya mstari inabaki orodha kwa mpangilio wake wa kawaida. Chukua orodha ya aina za herufi kwenye kompyuta ya steshenari. Ziko nyingi, lakini barua za wateja zinatumia mbili au tatu tu. Ukiziweka zile tatu juu, peke yao, huna haja ya kushuka hadi mwisho wa alfabeti kila mara. Walipozijaribu menyu hizo mahali watu wanapofanyia kazi, muda wa kuchagua ulipungua kwa asilimia 17 hadi 58. Sehemu ya juu haikuwa inarukaruka kila dakika, ilipangwa baada ya kuhesabu matumizi, ikaachwa itulie.

Utaliona wazo la mstari hata leo. Windows XP ya mwaka 2001 iliigawa menyu ya kuanzia hivyo: juu kabisa programu ulizozibandika mwenyewe, chini ya mstari zile ambazo kompyuta imeona unazitumia sana. Zako haziguswi, za kwake ndizo zinazobadilika. Kila mmoja na shamba lake, na mpaka unaonekana.

Njia nyingine, ya ujanja zaidi, ilijaribiwa na Findlater na wenzake mwaka 2009. Menyu ikifunguka, amri ambazo kompyuta inakisia utazitaka zinatokea papo hapo, na nyingine zinajitokeza polepole kidogo, kama picha inayokolea. Hakuna kinachohama. Jicho linavutwa kwenye kile kilichotangulia, na kompyuta ikikisia vibaya, hupotezi kitu, unangoja nukta ndogo na amri yako ipo palepale ilipokuwa jana. Sijui kwa nini njia hii haikuenea. Kwangu mimi ndiyo yenye adabu kuliko zote: inanong'ona, haikuburuti.

Hata ule utepe wa Office una msaada wa aina hii. Ukigusa picha ndani ya barua, kinaongezeka kichupo cha kazi za picha. Ukiiacha, kichupo kinaondoka. Hapo kompyuta haikisii kwa kufuata historia yako, inatazama kilicho mkononi mwako sasa.

Mapema zaidi kulikuwa na yule katuni wa kibanio cha karatasi mwenye macho makubwa, aliyekuja na Office 97. Ukianza kuandika salamu ya barua anajitokeza kuuliza kama unataka msaada wa kuandika barua. Ukimfukuza anarudi barua inayofuata. Nyuma yake kulikuwa na utafiti wa maana wa Eric Horvitz na wenzake, uliojaribu kupima kwa hesabu za uwezekano kama mtu kweli amekwama, na pia kuweka kumbukumbu ya uzoefu wa kila mtumiaji. Katika bidhaa iliyouzwa sehemu kubwa ya uangalifu huo iliachwa, zikawekwa kanuni nyepesi za lini ajitokeze. Hakukumbuka kwamba jana ulimkataa. Akazimwa mwaka 2001, akaondolewa kabisa kwenye Office 2007.

Kompyuta ya wengi, simu ya wengi

Kuna jambo moja ambalo vipimo vya maabara haviligusi, nalo ndilo letu zaidi. Majaribio mengi hudhani kompyuta moja, mtu mmoja. Kwetu kompyuta moja ya steshenari inahudumia kata nzima. Daftari lake la tiki halina mazoea ya mtu yeyote, ni ugali uliopikwa na watu arobaini. Yule dada aliyetuandikia anaona mpangilio mpya kila asubuhi kwa sababu jana jioni kijana wa zamu alifungua kazi nyingine.

Na daftari hilo linasomeka. Ukifungua Word, orodha ya faili za karibuni inaonyesha majina. Mteja anayesubiri nyuma yako anaweza kusoma kwamba kuna barua ya talaka, mkataba wa kuuza shamba wenye jina la kijiji, au majibu ya maombi ya kazi. Faili yenyewe huenda uliondoka nayo kwenye flashi, jina limebaki. Msaada wa kukumbuka umegeuka kuwa mdomo.

Simu ya familia ni vilevile. Kibodi yake inajifunza maneno unayoandika na kuyapendekeza. Baba akiandika jina la mtu mara kumi, mtoto akichukua simu kuandika ujumbe kwa mwalimu, jina lile linaweza kumrukia. Sehemu ya kutuma picha nayo huweka juu watu unaowaandikia sana, ndiyo maana picha ya kadi ya kliniki huishia kwenye kundi la kijiwe. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 9, la mwaka 2018, hufuata mazoea hata kwenye betri: programu usiyoifungua mara kwa mara hubanwa isile chaji, na taarifa zake zinaweza kuchelewa kukufikia.

Mambo ya kufanya

Kwenye kompyuta, anza na kubandika. Katika Word na Excel, ukisogeza kipanya kwenye jina la faili katika orodha ya karibuni, utaona alama ndogo ya pini. Ibonyeze, na faili hiyo itakaa juu hata wakifungua faili mia baada yako. Programu unazozitumia kila siku zibandike kwenye upau wa chini ya skrini kwa mpangilio usiobadilika. Kuanzia Windows 7, ukishikilia kitufe chenye nembo ya Windows na kubonyeza 1, inafunguka ya kwanza kutoka kushoto, ukibonyeza 2 ya pili. Huo ni mlolongo wa tarakimu, kama wa mama yangu mkubwa.

Njia za mkato za kibodi hazihami pia. Ctrl na S ni kuhifadhi, Ctrl na P ni kuchapa, na zimekuwa hivyo tangu kabla ya ile mishale miwili, na zikabaki baada yake. Ninayemfundisha kompyuta leo namfundisha hizo kabla ya menyu.

Ukiwa kwenye kompyuta ya watu, kabla ya kulipa mwombe mhudumu abonyeze kulia kwenye jina la faili yako katika orodha ya karibuni na kuliondoa. Ni kazi ya sekunde mbili. Mwenye steshenari anaweza kuzima orodha hizo moja kwa moja kwenye mipangilio ya menyu ya kuanzia ya Windows, na nadhani anapaswa.

Kwenye simu, kama unatumia kibodi ya Google na neno usilolitaka linajipendekeza, libonyeze bila kuachia, kisha liburute hadi kwenye alama ya pipa la taka. Katika mipangilio ya kibodi hiyohiyo unaweza kufuta kila ilichojifunza. Na kama kuna programu ambayo ujumbe wake lazima ukufikie kwa wakati, hata kama huifungui mara nyingi, ingia kwenye mipangilio ya betri uitoe kwenye kubanwa.

Hapa studio hatukutumia mbinu kubwa. Ile orodha ya vilivyochezwa karibuni tumeizima. Muziki wa matangazo ya vifo tumeufunga kwenye kitufe cha F5, peke yake, na hakuna kitu kingine kinachoruhusiwa kukaa hapo. Fundi wetu amekibandika kipande cha gundi nyeusi juu yake ili kidole kikione hata taa zikiwa zimezimwa. Mwenzangu wa salamu amepewa F9, upande wa pili wa kibodi, na harusi zake.